Mabawa Aliyoyanyonyoa Maximilla

Sylvesta Ndihokubwayo alirudi Kibondo Desemba ya mwaka 1977 na vitu vitatu vilivyowashangaza watu: shuka jeupe lisilo la kulalia, chupa za glisirini isiyo ya kujipaka, na majigambo. Hayo majigambo hayakuwa mageni sana. Aliondoka nayo tangu akichunga mbuzi wa shangazi yake, na Ujerumani ilikuwa imeyalisha tu yakanenepa.

Shangazi huyo, Maximilla, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama mchi, mwenye vidole vyepesi vya kuchambua maharage gizani asiache jiwe. Mtoto wa kaka yake alipotua mzigo na kusema amekuja kutafuta wadudu, alimtazama kwanza viatu, kisha uso, akamuuliza kama huko Ulaya wadudu wamekwisha.

"Wapo, Shangazi, ila wamechoka," Sylvesta alisema. "Wamefungiwa ndani miezi na miezi, wanalishwa maini kama wagonjwa. Mimi nawataka wa kwetu."

Mdudu aliyemtaka kila mtoto wa Kibondo anamjua. Hukaa majini, kwenye mabwawa na mbuga za tope. Ni mpana kama kiganja cha mtoto, rangi yake ni ya jani lililooza, na ana mdomo kama sindano. Huwavizia vyura akawafyonza hadi wabaki ngozi, ndiyo maana hapo kijijini walimwita fyonzachura. Hafai kwa kitoweo wala kwa dawa. Ana sifa moja tu: mvua zikianza, hutoka majini kwa mabawa yake na kuifuata taa yoyote inayowaka, akiruka kwa mngurumo wa pikipiki.

Jioni ya kwanza Maximilla alikuwa anatwanga muhogo na jirani yake Immakulata, mjane mcheshi ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wake. Walipokezana michi, mmoja juu mwingine chini, na Sylvesta akiwa ameketi kwenye kigoda akawaeleza kazi yake. Alieleza kwa mikono na mabega, kama mtu anayegombea udiwani.

Alisema ndani ya kifua cha fyonzachura kuna msuli wa kurukia. Ukiuchana msuli huo, ukauchana tena na tena, unafikia nyuzi za protini, nyembamba kuliko chochote ambacho jicho limewahi kuona. Uzi mmoja una vijikono. Vijikono hukamata uzi wa jirani, hupinda, huvuta, huachia, hukamata tena, na mdudu anaruka. Hata mchi ule, aliwaambia, unanyanyuliwa na vijikono vya namna hiyo vilivyomo mabegani mwao, mamilioni kwa mamilioni. Na kwa kuwa macho hayavioni, yeye huvimulika kwa eksirei. Mwale wa eksirei ukipita kwenye nyuzi zile hutawanyika, ukaangukia filamu na kuacha madoa. Vijikono vikilala hivi, madoa hukaa hivi. Vikibadili umbo, doa moja hufifia na jingine hunenepa. Anayejua kuyasoma madoa hujua mikono imekaaje, kama mchungaji anavyojua kwa nyayo mbuzi gani kapita.

Immakulata aliuliza kama eksirei hiyo si ile ile ya hospitali, ya mifupa.

"Mfupa umetulia, mama. Mfupa hata mvivu anaupiga picha," Sylvesta alisema. "Mimi nakipiga picha kinachocheza."

"Kinacheza haraka?"

"Kuliko kope zako."

"Basi unamdanganya nani? Kitu kikikimbia kuliko kope, utakionaje?"

Sylvesta alikuwa analingoja swali hilo. Alimwondoa Immakulata kwenye kinu, akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia afumbe macho. Shangazi aendelee kutwanga peke yake kwa mwendo ule ule. Kila mchi ukifika juu kabisa, Immakulata afumbue, kisha afumbe upesi. Mjane akafanya hivyo, akikosea mwanzoni, kisha akaupata mwendo.

"Unaona nini?"

"Mchi uko juu."

"Na sasa?"

"Uko juu tena."

"Umeshuka?"

"Sijauona ukishuka," Immakulata alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Umesimama hewani kama umetundikwa."

Ndivyo ilivyo, Sylvesta alimwambia. Mashine huuvuta msuli na kuulegeza, tena na tena, kwa mwendo mmoja, na mlango wa eksirei hufunguka pale pale tu kila mara. Filamu hukusanya kufumbua huko kote hadi picha ikajaa. Ukitaka kuuona mchi ukiwa njiani, unachelewesha mlango kidogo tu. Ukichelewesha hivyo hatua kwa hatua, unauona mwendo wote, tangu juu hadi kinuni, ingawa hakuna jicho lililoukimbilia.

Immakulata alifikiri. Kisha akainuka, akachukua mchi wake. "Kwa hiyo, Maximilla, mwanao kavuka bahari kwenda kujifunza kupepesa macho."

Wanawake wakacheka hadi unga ukamwagika. Kesho yake asubuhi tayari kulikuwa na wimbo, nao ulikwenda sawasawa na mchi:

*Mwana wetu kaelewa,*
*na Ulaya kapokewa,*
*awinda kisicholiwa,*
*chakula cha nani hicho?*

Sylvesta alichomwa na wimbo ule kuliko alivyotaka ijulikane. Lakini kilichomkaa kooni hasa kilikuwa jambo jingine, na hilo alimweleza Shangazi peke yake, walipokuwa wawili jikoni.

Huko Hamburg, mbele ya walimu na wanafunzi wenzake, alikuwa amesimama na kusema kwamba vijikono hubadili umbo kwanza, ndipo nguvu ya msuli inafuata. Mwanafunzi mmoja mkubwa kwake akasema ni kinyume, kwamba nguvu hutangulia, na kubadilika kwa madoa ni mavumbi tu yanayofuata gari. Mabishano yalikuwa makali. Njia ya kuyamaliza ilikuwa moja, picha. Na eksirei kali ya kupata picha hiyo ilitoka kwenye mashine moja tu, duara kubwa kama zizi la ng'ombe elfu, ambamo chembe za umeme hukimbizwa mviringo na kila zinapokata kona hutema eksirei. Mashine hiyo ilikuwa ya wengi, kila mtu na zamu yake. Zamu ya kwanza ya Sylvesta ilipita bure. Misuli ya wale wadudu waliochoka ililegea kabla picha haijaiva, filamu ikatoka kama uji. Profesa wake akamwambia atapata zamu moja zaidi, mwezi wa pili. Nayo ikitoka uji, atahamishiwa kwenye fuwele za chumvi, na kazi ya misuli atapewa yule aliyebishana naye.

"Chumvi hiyo inacheza?" Maximilla aliuliza.

"Haichezi, Shangazi. Imetulia milele."

Maximilla alimtazama mtoto huyu ambaye tangu utotoni hakuwahi kutulia hata akiwa amelala. Akasema basi hao wadudu watapatikana.

Wakapatikana. Sylvesta alitundika shuka jeupe ukingoni mwa bwawa, akawasha karabai mbele yake jua lilipozama tu, na mvua ya mchana ikiwa imeacha hewa ya joto. Kumbikumbi walikuja kwanza, kisha nondo, kisha, kwa mngurumo, fyonzachura wa kwanza akajibamiza kwenye shuka. Kijiji kizima kilikuja kutazama, na waliokuja kucheka walijikuta wanakimbiza wadudu kwenye majani na kupiga kelele wakiumwa. Katika jioni chache tu walipata wengi kuliko alivyothubutu kutumaini. Kila mmoja aliwekwa peke yake katika majani mabichi, maana ukiwaweka pamoja hulana: kwenye makopo ya maziwa, vibuyu, vyungu vilivyovunjika shingo, hata sufuria ya Immakulata ya ubwabwa wa sikukuu.

Mwezi ukaanza kuwa mkubwa, na taa ikapoteza mvuto. Uwindaji ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ilikuwa kuwapasua vifua, kuitia misuli kwenye glisirini na kuiweka kwenye barafu, kisha kukimbilia treni ya Kigoma. Msuli uliolazwa kwenye glisirini baridi hausahau kazi. Miezi baadaye ukiupa chakula chake na ukiuvuta kidogo, huamka na kuvuta. Lakini lazima utolewe kwa mdudu aliye hai. Mdudu akifa, vijikono vyake hukamata na kukakamaa, na hakuna dawa ya kuviachisha.

Barafu ilikuwa Kasulu, kwenye duka la Khatibu. Huyu alisoma na Sylvesta sekondari, na alikuwa na friji la mafuta ya taa la kupozea soda pamoja na Pijo ya mizigo iliyofahamika kwa moshi wake kutoka Rungwe Mpya hadi Muyama. Babu zake walitoka pwani, na Khatibu hakuacha kulitaja hilo hata akinunua nyanya. Sylvesta alimwachia Shangazi wadudu, akamwambia neno moja alilolirudia mpaka likamkera mama wa watu: wawe hai. Akapanda lori kwenda Kasulu.

Maximilla alibaki na wageni wake. Aliwanyunyizia maji asubuhi na jioni. Aliwafukuzia kuku. Na kadiri siku ya safari ilivyokaribia, moyo ulimwingia aibu. Aliwatazama wadudu wale kwenye makopo, wenye mabawa yao kamili, akafikiria wakipokelewa huko Ulaya mezani kwa profesa.

Maana kwao mtu hampelekei mwenzake kumbikumbi wenye mabawa. Hilo hata mtoto anajua. Kumbikumbi wa kula mwenyewe unaweza kupepeta ovyo, bawa likiingia mdomoni unatema. Lakini wa kumpa mgeni, au wa kumfungia mtu safari, unakaa chini ukanyonyoa bawa moja moja, hata ikichukua mchana kutwa. Ukimpa mtu wadudu wenye mabawa umempa kazi, hukumpa zawadi, na anayeipokea atajua mtoaji hana mama wala shangazi. Kawaida ingetaka pia awakaange kwa chumvi kidogo, lakini mtoto alisema wawe hai, na Maximilla hakuwa mtu wa kukiuka neno. Akamwita Immakulata. Wakakaa barazani, wakawashika fyonzachura mmoja mmoja kwa kitambaa, wakayanyonyoa mabawa yote kwa vidole vile vyepesi, taratibu, bila kumwua hata mmoja. Mmoja tu ndiye aliyebaki na mabawa yake. Huyo alimuuma Maximilla kidole gumba kwa uchungu uliofika begani, naye akamrudisha kwenye kopo na kumwambia aende Ulaya hivyo hivyo, bila adabu.

Pijo ya Khatibu ilifika mchana, imejaa tope hadi vioo. Sylvesta aliruka chini akiwa na chupa mbili kubwa za chai zilizojaa barafu, akaingia barazani akiimba. Akafungua kopo la kwanza. Akafungua la pili. Akafungua kibuyu.

Ndani ya kila kimoja alilala mdudu asiye na mabawa, miguu ameikunja, hatikisiki.

Nje, kwenye ungo, mabawa yalikuwa yamerundikwa kama maganda ya vitunguu.

Sylvesta hakupaza sauti mwanzoni. Aliuliza nani kafanya hivi, na Maximilla, akiwa bado anatabasamu, akasema ni yeye, pamoja na Immakulata, na kwamba kazi haikuwa ndogo. Ndipo kijana alipowaka. Alisema mambo mengi kwa haraka, ya zamu, ya mwezi wa pili, ya fuwele za chumvi. Alisema aliomba kitu kimoja tu, wadudu hai, na sasa amepewa maiti. Kisha akasema neno ambalo hata Khatibu, aliyekuwa ameegemea nguzo, lilimfanya ainamishe kichwa.

"Kwa mikono yako, Shangazi. Ulinilea kwa mikono hiyo, na kwa mikono hiyo umenizika."

Maximilla alisimama wima, tabasamu limekwisha, na alipojibu hakuharakisha.

"Ungefika kwa wenyeji wako na wadudu wenye mabawa, mwana wanje, mwanangu, wangesema huyu hana kwao. Mimi nimekataa wakuseme hivyo. Kama heshima imekuua, basi ufe na heshima."

Khatibu alijaribu kuwaokoa wote kwa mzaha, kama kawaida yake. "Profesa, usikate tamaa. Kuku naye ana mabawa harukii popote, na tunamla."

Sylvesta hakucheka. Alimchukua mdudu kutoka kibuyuni, akatoka naye juani, akitafuta kuku wa kumtupia. Lakini kuku, waliofukuzwa kwa siku kadhaa mfululizo, walikuwa wamejifunza kukaa mbali na baraza ile. Akabaki amesimama uani na mdudu wake kiganjani, jua likimpiga usoni, hasira ikimtetemesha mkono.

Halafu akagundua kwamba si mkono wake unaotetemeka.

Akaukunja mkono, akauweka ngumi karibu na sikio. Ndani ya ngumi kifua cha fyonzachura kilikuwa kinatikisika, mtikisiko mdogo wa haraka, na kilikuwa cha moto, moto wa kweli, kama kijiwe kilichotoka jikoni. Mdudu hakuwa amekufa. Alikuwa amejifanya maiti, hila ya kabila lake lote wakishikwa, na Sylvesta aliyeisoma hila hiyo katika vitabu vitatu alikuwa ameiamini kama mtoto. Sasa, kwa joto la mkono na la jua, mdudu alikuwa anaiwasha injini ili aruke. Hakuwa na habari kwamba hana mabawa.

Na hapo Sylvesta akakumbuka kitu alichokuwa amekihubiri kwa miaka mitatu kwa kila aliyekubali kumsikiliza. Msuli mkubwa wa mdudu huyu haujashika bawa. Umeshika ukuta wa kifua, huku na huku. Unapovuta, kifua kinabonyea; kinapobonyea, mabawa yananyanyuka yenyewe kwa nje, kama makasia. Ukinyonyoa bawa kwa vidole vyenye adabu, umeondoa kasia. Mpiga kasia yuko ndani, mzima, hajaguswa.

Mdudu akaanza kulia. Mtikisiko ulipata mwendo ukawa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Sylvesta asahau alikuwa amekasirikia nini. Haikuwa mngurumo ule wa pikipiki alioujua tangu utoto. Ilikuwa nyembamba, ya juu, kama uzi wa zeze uliokazwa.

"Mwingine," alisema, "yuko mwenye mabawa? Hata mmoja?"

Immakulata ndiye aliyeonyesha kopo kwa kidevu, akisema yumo mmoja, yule jambazi.

Sylvesta alimtoa kwa kitambaa, akamshika kwa nyuma mabawa yakiwa huru, akampa jua. Walingoja. Kisha jambazi akanguruma, sauti nzito, ya chini, mabawa yakawa ukungu. Sylvesta akamweka jambazi sikio la kushoto, na asiye na mabawa sikio la kulia, akasimama katikati yao amefumba macho kama shemasi. Chini huku, juu huku. Hakuna aliyehitaji kusoma ili asikie tofauti. Khatibu aliisikia akiwa nguzoni, akaacha kutafuna kijiti chake.

"Mbona wanaimba mbalimbali?" Khatibu aliuliza.

"Kwa sababu hakuna anayewaamuru," Sylvesta alisema. Alikuwa anacheka sasa, machozi yakimtoka. "Ubongo ungekuwa unauhesabia msuli, vuta, achia, vuta, achia, wote wangeimba sawa. Msuli unajihesabia wenyewe. Ukivutwa unajibu. Bawa zito linaurudisha polepole, unajibu polepole. Bawa likiondoka, unarudi upesi, unajibu upesi. Niliyasoma haya. Sijawahi kuyasikia hata siku moja. Shangazi kaukatia msuli mzigo wa mabawa, nikausikia ukilia wenyewe."

Kisha akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Alimpa Khatibu wadudu wote wawili, na Khatibu akawapokea kwa sura ya mtu aliyekabidhiwa makaa. Sylvesta alimwendea Maximilla, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Ulaya, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyopinda, kama Waha wanavyomwamkia mkubwa wao. Maximilla alimwacha apige makofi kwa muda uliomridhisha. Halafu akasema ainuke, barafu inayeyuka.

Kazi ikaanza. Sylvesta alipasua kifua kwa wembe, kipande huku, kipande huku, na ndani, kama alivyotarajia, ulilala msuli wenye rangi ya asali, umejaa, unang'aa, haukuchanika popote. Immakulata alishika wadudu kwa kitambaa. Maximilla alichukua kila kipande kwa ncha za vidole na kukiingiza kwenye chupa ya glisirini bila kukibana, na Sylvesta, ambaye Hamburg alifahamika kwa kutomwachia mtu mwingine koleo, hakuthubutu kumrekebisha. Khatibu alipewa kazi ya kushika chupa za chai na kunyamaza. Ya kwanza aliifanya vizuri. Jambazi aliachiliwa jua lilipozama. Alizunguka paa mara moja, akaelekea bwawani.

Walisafiri na Pijo usiku ule hadi Kasulu, wakaongeza barafu, wakashuka Kigoma, na treni ikamchukua.

Mwezi wa pili, Hamburg, theluji ikiwa imeziba madirisha, zamu yake ilifika. Kabla ya kuanza, yule mwanafunzi mkubwa alikuja kutazama chupa, akaona kwamba vifua vyote havina mabawa na mashina yake yamenyonyolewa safi. Aliuliza kwa upole wa kejeli ni njia gani hiyo ya kuandaa vielelezo, maana hajaiona kitabuni. Sylvesta alimjibu kwamba ni njia ya Kibondo, na kwamba kule mtu mwenye adabu hampelekei mwenzake mdudu mwenye mabawa.

Akaufunga msuli kwenye ndoana zake, akaupa chakula, akauvuta kidogo. Ukajibu. Akauvuta tena, ukajibu tena. Ulivuta na kuachia saa baada ya saa bila kuchoka, mlango wa eksirei ukifumbua na kufumba pale pale alipoupangia. Alipomaliza filamu ya kwanza akauchelewesha mlango kidogo, akaanza ya pili. Alipozitoa zote kwenye dawa na kuzitundika zikitiririka maji, profesa wake alizitazama kwa muda mrefu, kidole kikihama kutoka moja hadi nyingine. Doa lililo karibu na katikati, nene kwenye filamu ya kwanza, lilikuwa limekonda kwenye ya pili. Na mchoro wa nguvu ya msuli, uliochorwa kwa kalamu ya mashine saa ile ile, ulikuwa bado haujapanda. Mkono ulikuwa umeondoka nyumbani kwake, nguvu haijafika bado.

Yule mwanafunzi mkubwa alitazama pia, akaomba filamu zirudiwe kwa msuli mwingine. Sylvesta akamwambia achague chupa yoyote, kwa mkono wake mwenyewe. Akachagua. Zikatoka vile vile. Hakuna aliyetaja tena chumvi.

Kiangazi kilichofuata alizileta filamu mbili Kibondo, akaziegemeza dirishani mwa Shangazi ili mwanga upite. Majirani walipanga foleni kama kwa daktari. Wengi waliona madoa, wakasema ahaa, wakatoka. Maximilla alikaa. Alifuata kwa kidole, bila kugusa, akauliza doa hili na doa lile ni la nini, na mwisho akasema kwamba hapa mikono imelala, na hapa imekwenda kazini. Sylvesta akasema hakuna profesa aliyelisema vizuri zaidi. Maximilla akajibu kwamba sifa hazitwangi, akatoka kwenda kinuni, ambako Immakulata alikuwa anamngoja.

Wakaanza na wimbo ule ule. Sylvesta akawafuata nje, akalalamika. Alisema mambo yamebadilika sasa, kwamba picha zimeonekana, walimu wamekubali, na hivyo ubeti ule wa kisicholiwa hauna haki tena. Hata yeye mwenyewe yuko tayari kuwatungia mwingine, tena wa vina safi.

"Wimbo unakwenda na mchi," Maximilla alisema bila kusimama. "Ukiuharibu, nani atatwanga?"

"Na kweli hawaliwi," Immakulata aliongeza. "Au uliwaonja?"

Sylvesta akaona hana kesi. Aliketi kwenye kigoda chake, ukuta wa nyumba nyuma yake una joto la jua la jioni, akafumba macho. Alisikiliza hadi mwendo ukamwingia. Kisha akaanza kufumbua na kufumba pamoja na wimbo, na kila alipofumbua, mchi wa Shangazi ulikuwa juu, na mkono wake juu, umetundikwa hewani kana kwamba haukuwahi kushuka.